Mtoto wa jicho aliyekomaa

Mtoto wa jicho huitwa aliyekomaa pale ukungu unapokwisha kuenea katika lenzi yote ya jicho. Mboni, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, huonekana nyeupe hata kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia. Mgonjwa wa hatua hii mara nyingi hawezi tena kuhesabu vidole. Huona mkono ukipungwa mbele ya uso wake, au hutambua mwanga tu.

Lenzi ya binadamu ni maji kwa takriban theluthi mbili, na sehemu kubwa ya salio ni protini zilizopangika kwa namna inayopitisha mwanga. Protini za kiini cha lenzi hudumu na mtu tangu kabla hajazaliwa. Kadiri umri unavyosonga huharibika na kugandamana, na lenzi hupoteza uangavu kama ute wa yai motoni. Wakati mwingine hunyonya maji na kuvimba, ikaziba njia ya kutokea majimaji ya jicho. Hapo shinikizo hupanda ghafla, na jicho huuma na kuwa jekundu.

Baada ya kukomaa, mtoto wa jicho huweza kupitiliza. Tabaka la nje la lenzi huyeyuka na kuwa majimaji meupe, na kiini kigumu cha kahawia huzama hadi chini ndani ya kifuko cha lenzi. Huyu ni mtoto wa jicho wa Morgagni, kwa jina la Giovanni Battista Morgagni, mwanaanatomia wa Padua aliyefariki mwaka 1771. Protini zilizoyeyuka huvuja nje ya kifuko na, pamoja na seli za ulinzi zinazozimeza, huziba vichujio vya jicho. Ndipo glakoma, ugonjwa wa shinikizo la jicho unaoharibu neva, inapozuka. Nyuzi zinazoshikilia lenzi nazo hulegea.

Zamani madaktari walingoja ukomavu huo ndipo wapasue. Ushauri wa kungoja ungali unasikika, nao ni wa hatari. Siku hizi upasuaji hufaa mara ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Lenzi iliyokomaa ndiyo yenye taabu zaidi: kifuko chake hakionekani vyema, hata daktari hulazimika kukitia rangi ya buluu kabla ya kukikata. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki kiini hutolewa kizima kupitia mkato mdogo usiohitaji kushonwa, kisha lenzi bandia huwekwa. Lakini neva ya jicho ikishaharibiwa na shinikizo, lenzi hiyo mpya hairudishi uoni uliopotea.