Katanika: mizigo ya wahami inasimulia historia ya Tanganyika

KALEMIE – Tangu mwaka 2017, jina la Katanika, nje kidogo ya mji wa Kalemie, limejulikana kwa kambi ya wahami wa vita. Historia yao inaonekana hata katika vyombo walivyobeba kila walipohama.

Tanganyika ilikuwa sehemu ya Katanga hadi ilipokuwa jimbo mwaka 2015. Mwaka uliofuata, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalizuka upya. Watwa walikuwa wamenyimwa ardhi na sauti katika uongozi wa vijiji kwa miaka mingi. Wapiganaji wa pande zote mbili walichoma vijiji, na raia wa pande zote mbili wakakimbia.

Safari hiyo ya kwanza haikuwa na muda wa kufunga mizigo. Mama alibeba mtoto mgongoni, labda na sufuria kichwani. Majembe, mbegu, mbuzi na vyeti vya shule vilibaki. Nyumba ikishachomwa, kilichobaki ndani ndicho kilichopotea.

Huko Kalemie, familia nyingi zilipata hifadhi katika majengo ya shule. Wanafunzi nao walihitaji madarasa yao, hivyo wahami wakahamishiwa kwenye kambi kama Katanika. Safari ya pili ilikuwa na mzigo: bidoni ya maji, mkeka, turubai, vikwembe vilivyofungwa fundo. Vibanda vya nyasi vikajengwa. Mwezi wa Oktoba 2017, Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, katika ngazi ya juu kabisa ya dharura. Waliohama jimboni walikuwa zaidi ya laki tano.

Safari ya tatu, ya kurudi kijijini, ndiyo yenye hesabu ngumu. Ukibomoa kibanda na kuchukua turubai, ukifukuzwa tena utalala wapi? Kwa hiyo baadhi ya familia hugawanyika: baba hutangulia na jembe na mbegu, mama na watoto hubaki na vyombo hadi mavuno.

Ndiyo maana kuhesabu waliorudi peke yake hakutoshi. Familia inayoacha vyombo vyake kambini bado haijaamini kwamba vita vimekwisha. Na bila ardhi kugawanywa kwa haki kati ya Watwa na Waluba, ina sababu ya kutoamini.