Mafunzo ya Sarahangi katika Vyombo vya Pwani

Waandishi wa historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki wamemtaja sana nahodha, na rubani wamemtaja zaidi, hasa kwa sababu ya yule aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498. Sarahangi hakubahatika kupata mwandishi. Hata hivyo ndiye aliyekabidhiwa kamba, tanga na watu, na ustadi wake haukupatikana kwa safari moja wala mbili.

Jina lenyewe lina historia. Asili yake ni Kiajemi, sarhang, nalo huko ni jina la mkuu wa askari. Katika bandari za Bahari ya Hindi lilishuka cheo, likawa jina la mkuu wa mabaharia aliye chini ya nahodha. Nahodha nalo latoka Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo.

Mwanafunzi wa kazi hii hakuandikwa katika daftari lo lote. Kijana aliingia chomboni, mara nyingi pamoja na baba au mjomba wake, akaanza kwa kupika na kufua maji ya ngamani. Chombo kilipopwelewa alifundishwa kukwangua mbao, kutia kalafati, kupaka sifa, na kupaka deheni upande wa chini ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Katika kazi hizo za pwani alijifunza chombo kilivyoundwa, ubao kwa ubao; na asiyejua hayo hawezi kujua ni upepo gani chombo chake kitakaouvumilia.

Mtihani wenyewe ulikuwa kugeuza tanga. Jahazi kubwa lenye foromali ndefu hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi, na wakati huo foromali husimamishwa wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Demani hulegezwa, goshi hufunguliwa, na watu wote wa chombo huwa kazini. Amri ikitangulia kidogo au ikichelewa kidogo, upepo hulibandika tanga juu ya mlingoti, na foromali yaweza kuvunjika na kuwaangukia watu. Jambo hili halifundishiki kwa maneno matupu. Kijana alilijua kwa kuvuta henza pamoja na wenziwe, akifuata wimbo wa kazi, mpaka siku moja sauti ya kuamrisha ikawa yake. Nyimbo hizo wageni wengi wamezidhania kuwa burudani. Kwa hakika zilikuwa kipimo cha wakati.

Elimu ya nyota ilikuwa zaidi ya nahodha na rubani. Ahmad ibn Majid, katika kitabu chake cha mwishoni mwa karne ya 15, aligawanya njia za bahari katika aina tatu, na kila njia akaiita dira, neno ambalo kwa Kiswahili limebaki kuwa jina la chombo cha kuonyeshea pande. Lakini bildi, yaani timazi ya kupimia kina, ilikuwa mikononi mwa mabaharia, na aliyeitupa alipaswa kujua mchanga, tope na matumbawe.

Mwaka 1872 meli za British India zilipoanza kuleta barua Unguja kutoka Aden, cheo cha sarahangi kilikuwamo ndani yake pia, ila tanga lilikuwa likimtoka mkononi. Majahazi hayakukoma kwa hayo. Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti, na ameeleza jinsi mabaharia walivyolipwa kwa mafungu ya faida, si kwa mshahara.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia ulikuja kudai vyeti. Kwa baharia wa zamu ya sitahani kanuni zake hutaka miezi 6 ya utumishi baharini, au mafunzo maalumu pamoja na miezi isiyopungua 2. Sarahangi wa jahazi, aliyekaa baharini miaka mingi kabla ya kutoa amri yake ya kwanza, hakuwa na karatasi ya kuonyesha.