Motokaa Ndogo na Fundi wa Nyumbani

Sisi wa Kamatanda twaona mawe ya shaba yakitolewa ardhini mwetu, na hapa Likasi kiwanda cha Shituru kilianza kuisafisha shaba mwaka 1929. Lakini motokaa tunazopanda hutoka ng'ambo. Mwenye busara huchagua iliyo ndogo, isiyokula mafuta mengi. Ni vema, watoto wake watabakiwa na ada ya shule. Hata hivyo, bei yake humlipa fundi wa mbali.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa, hata ikiwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Mwaka 1990 zilionyeshwa tano, zikaitwa Nyayo, nazo ziliweza kwenda kilometa 120 kwa saa. Hapakukosekana akili, zilikosekana fedha za kuziunda kwa wingi.

Basi tusiwacheke. Fundi hukomaa kwa kupata wanunuzi. Tukilikataa leo jembe la fundi wetu, nani atathubutu kuwaundia watoto wetu motokaa kesho?