Mtoto akipaliwa: Kikohozi kutulia si dalili ya kupona

PUNJE ya njugu karanga, mbegu ya chungwa, ushanga au kifuniko cha kalamu. Vitu vidogo kama hivi huingia kwa urahisi katika njia ya hewa ya mtoto, hasa wa chini ya miaka mitatu, ambaye hutia kila kitu kinywani ilhali magego yake hayajaota yote.

Mtoto hupaliwa ghafla, akakohoa na kutweta. Kisha kikohozi hutulia, na hapo ndipo wazazi wengi huhadaika. Huenda kitu kimeshuka na kukwama ndani ya pafu, mara nyingi la kulia, kwa sababu njia yake ni pana na imenyooka zaidi. Siku au majuma baadaye, kifua huanza kukoroma, homa hupanda, naye mtoto hutibiwa nimonia au pumu isiyosikia dawa. Hata picha ya eksirei yaweza kuonekana safi, kwani njugu na plastiki, tofauti na chuma, kwa kawaida hazionekani humo. Hivyo basi, mweleze daktari kwamba mtoto alipaliwa, hata asipouliza.

Tiba yenyewe ni bronkoskopi. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, bomba lenye taa likapitishwa kinywani hadi kilipo kitu, kikatolewa kwa koleo. Mjerumani Gustav Killian ndiye aliyetangulia kutumia njia hii, mnamo 1897, alipomtoa mkulima mfupa wa nguruwe.

Nyumbani, mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asipoweza kulia wala kupumua, wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi mkononi, kichwa kikiinamia chini, apigwe mara tano katikati ya mabega. Kisha ageuzwe, abonyezwe mfupa wa kifua mara tano. Aliyezidi mwaka hupigwa mgongoni vivyo hivyo, kisha hushikwa kutoka nyuma na kubonywa juu ya kitovu, kwa ndani na kuelekea juu. Hatua hizi zirudiwe huku msaada ukitafutwa. Usichokore kooni kwa kidole iwapo hukioni kitu, utakisukuma ndani zaidi.

Njugu nzima hazifai kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wasagiwe. Sharti hilo ni gumu kwetu, ambako pakiti ya njugu ndiyo zawadi ya anayerudi nyumbani jioni. Yaya na ndugu wakubwa, ambao hugawa chakula chao kwa huruma, nao waelezwe.