Usawa wa uwezo wa kununua

Usawa wa uwezo wa kununua ni kipimo cha uchumi kinacholinganisha fedha za nchi mbalimbali kwa vitu zinavyoweza kununua, si kwa kiwango ambacho benki huzibadilisha. Tuseme kapu moja la mahitaji yaleyale, kuanzia unga na sabuni hadi nauli, kodi ya nyumba na ada ya shule, linagharimu dola 40 Marekani na shilingi 2,000 Kenya. Kwa kapu hilo dola moja ni sawa na shilingi 50, hata kama siku hiyo dola inauzwa shilingi 129. Ukigawanya 50 kwa 129 unapata kiwango cha bei cha nchi: hapa ni chini kidogo ya asilimia 40 ya kile cha Marekani. Mfano huo ni wa kubuni, lakini hauko mbali na hali halisi. Takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni zinaweka bei za Kenya na Tanzania karibu na theluthi moja ya zile za Marekani. Uswisi ni kinyume: dola ikivuka kwenda huko hununua pungufu ya inachonunua kwao.

Kwa nini bei hazilingani

Nadharia ya kale husema kitu kimoja hakiwezi kuwa na bei mbili kwa muda mrefu, kwa sababu wafanyabiashara watakinunua kilipo rahisi na kukiuza kilipo ghali. Kwa dhahabu, ngano na mafuta ghafi jambo hilo linakaribia ukweli. Kwa kunyolewa nywele halina maana. Kinyozi wa Zürich na kinyozi wa Mwanza wanaweza kutumia mashine ya kunyolea ya aina moja na dakika zilezile, na bado bei ya wa kwanza ikawa mara nyingi ya bei ya wa pili. Wala hakuna mfanyabiashara anayeweza kupakia vichwa vilivyonyolewa Mwanza akavishushe Zürich.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi yalitolewa mwaka 1964 na wachumi wawili walioandika kila mmoja kivyake, Béla Balassa na Paul Samuelson. Viwanda vya nchi tajiri huzalisha mengi kwa saa moja ya kazi, kwa hiyo hulipa mishahara mikubwa. Kinyozi wa nchi hiyo hanyoi haraka kuliko mwenzake wa nchi maskini, lakini asipolipwa vizuri ataacha mkasi aende kiwandani. Mshahara wa kiwanda ndio unaopandisha bei ya kunyoa, na vilevile bei ya chakula cha mgahawani, ya kufuliwa nguo na ya kulelewa mtoto.

Mgeni anayetua Dar es Salaam au Kampala na kusifu kwamba pesa yake inafika mbali, kwa sehemu kubwa anasifu ujira mdogo wa mpishi, mlinzi, fundi na dereva wa bodaboda. Unafuu huo haufiki kwenye petroli, simu, dawa zinazoagizwa nje wala vipuri vya gari. Bei ya vitu hivyo ni ya dunia, na mara nyingi huizidi baada ya kuongezwa usafiri, ushuru na faida ya mawakala. Ndiyo maana mshahara unaotosha chakula na pango katika mji wa Afrika Mashariki unaweza kuhitaji miezi kadhaa kununua kompyuta ambayo mfanyakazi wa Ulaya huinunua kwa ujira wa siku chache.

Sababu nyingine ni kasi. Kiwango cha kubadilisha fedha huweza kuruka asubuhi moja, ilhali bei za sokoni hutembea kwa miguu. Tarehe 6 Machi 2024 Misri iliachia sarafu yake, na dola iliyokuwa paundi 31 hivi ikafika karibu 50 siku hiyohiyo. Mwenye dola aliikuta Cairo imekuwa rahisi ghafla. Mwenye paundi hakuona unafuu wowote, maana waagizaji wa bidhaa walikuwa wamekwisha kupanga bei kwa kiwango cha soko la magendo muda mrefu kabla.

Chimbuko

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1556 mwanateolojia Martín de Azpilcueta wa Salamanca alieleza kwamba Hispania, iliyofurika fedha kutoka Amerika, ilikuwa na bei za juu kuliko Ufaransa yenye fedha chache. Jina linalotumika leo lilitolewa mwaka 1918 na mchumi Gustav Cassel wa Uswidi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imevunja mfumo wa dhahabu, kila serikali imechapisha noti kwa kiasi chake, na swali likawa fedha hizo zibadilishwe kwa kiwango gani amani ikirudi. Cassel alijibu kwamba kila nchi ipime bei zilivyopanda kwake na kwa wenzake, kisha ipange kiwango kwa tofauti hiyo.

Uingereza haikufuata ushauri huo. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliirudisha paundi kwenye dhahabu kwa kiwango cha kabla ya vita, dola 4.86. Mchumi John Maynard Keynes alilalamika kwamba kwa kulinganisha bei paundi ilikuwa imetukuzwa kwa asilimia 10 hivi, na kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe ndio watakaolipia kwa kukatwa mishahara. Mgomo mkuu wa 1926 ulianzia katika migodi hiyohiyo.

Upimaji

Kupima bei za dunia nzima ni kazi ngumu. Programu ya Kimataifa ya Ulinganishaji ilianza mwaka 1968 chini ya Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ikiongozwa na Irving Kravis akiwa na Alan Heston na Robert Summers. (Summers alikuwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja na Samuelson aliyetajwa juu, ila alibadili jina la ukoo. Kwa hiyo nadharia na vipimo vyake vilitoka nyumba moja.) Awamu ya kwanza ilikuwa na nchi kumi tu, na ya Afrika ilikuwa moja: Kenya. Leo programu inaendeshwa na Benki ya Dunia, na matokeo ya mzunguko wa 2021, yaliyotolewa Mei 2024, yanahusu nchi na maeneo 176.

Ugumu mkubwa ni kupata kitu kilekile kila mahali. Nafaka ya teff ni chakula cha kila siku Ethiopia na karibu hakipo katika masoko ya nchi nyingi nyingine. Ukikiacha umewaacha Waethiopia, ukikiweka hukuti bei ya kulinganishia. Elimu na afya za serikali hazina bei ya sokoni, hivyo hukadiriwa kwa mishahara ya walimu na wauguzi. Makosa yanaweza kuwa makubwa mno. China iliposhiriki mara ya kwanza, katika mzunguko wa 2005, uchumi wake ulionekana mdogo kwa asilimia 40 hivi kuliko ilivyokadiriwa awali, na wa India ulipungua kwa kiasi kama hicho. Hakuna Mchina wala Mhindi aliyepoteza chochote siku hiyo. Kilichobadilika ni orodha ya bei.

Kipimo cha mzaha kilichopata umaarufu kuliko vyote ni kile cha jarida la The Economist, ambalo tangu mwaka 1986 hulinganisha bei ya mkate wa nyama wa Big Mac. Kinafaa kwa sababu ndani yake mna nyama, ngano, umeme, pango na jasho la mfanyakazi. Hata hivyo Kenya, Uganda na Tanzania hazina mkahawa wa McDonald's unaouuza mkate huo, na India, ambako wengi hawali nyama ya ng'ombe, hupimwa kwa mkate wa kuku. Aisilandi ilitoka kabisa: viambato viliagizwa Ujerumani, krona ilipoanguka katika msukosuko wa 2008 gharama zikapaa, na mwaka 2009 McDonald's ikafunga.

Matumizi

Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia, uliokuwa dola 1 kwa siku mwaka 1990 na dola 3 tangu Juni 2025, ni wa dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua, jambo ambalo magazeti mengi huliruka. Dola 3 kwa kiwango cha benki cha mwaka 2021 zilikuwa karibu shilingi 6,900 za Tanzania. Mstari wenyewe, kwa bei za Tanzania, hauifikii hata nusu ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba anayehesabiwa maskini ana kidogo kuliko msomaji anavyodhani anapofanya hesabu kichwani.

  

Kipimo hiki kina mpaka mmoja ambao wanasiasa hupenda kuusahau. Uchumi wa nchi maskini huonekana mkubwa mara mbili au tatu ukipimwa kwa uwezo wa kununua, lakini deni la nje, ngano na mafuta hulipwa kwa dola za benki, na mdai haulizi kunyolewa kunagharimu kiasi gani kwa mdaiwa. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa mvutano huo umeandikwa ndani ya kanuni ya mgawo inayotumika kuongoza hisa na kura: pato la nchi huhesabiwa asilimia 60 kwa viwango vya soko na asilimia 40 kwa uwezo wa kununua. Uzito huo ulikubaliwa mwaka 2008, na nchi zinazoendelea zimekuwa zikidai sehemu ya pili iongezwe.