Asili na Maana ya Neno "Lingerie"

Hivi karibuni tuliletewa tuikague tafsiri ya orodha ya mali ya hospitali moja, iliyoandikwa kwanza kwa Kifaransa. Mtafsiri, kwa kutegemea kamusi ya Kiingereza, aliandika kuwa jengo lina "chumba cha nguo za ndani za kike", na humo mna mashuka, foronya na taulo. Neno lililomkwaza ni lingerie.

Asili yake ni linum, neno la Kilatini lenye maana ya kitani. Kutokana nalo Wafaransa walipata linge: kwanza kitambaa cha kitani, kisha nguo zote za kufuliwa nyumbani, pamoja na mashuka na vitambaa vya meza. Lingerie ilikuwa kazi ya kushona na kuuza vitu hivyo, na vilevile mahali pa kazi hiyo. Mjini Paris, jirani na lilipokuwa soko la Les Halles, uko hadi leo mtaa uitwao Rue de la Lingerie, na jina hilo halina aibu yoyote. Ni la wauza kitani wa zamani. Hospitalini, lingerie ni chumba cha kuwekea nguo safi.

Maana ya pili ilizaliwa kwa kuwa vazi la kugusa mwili lilishonwa kwa kitani, kitambaa kivumiliacho maji ya moto kuliko sufu na hariri za nje. Waingereza walilichukua neno hili katika karne ya 19, wakati kutaja nguo hizo kwa jina lake kulihesabiwa utovu wa adabu. Neno geni likawa stara, na katika Kiingereza maana ya chumba ikapotea.

Hata kwetu fulana lilikuwa jina la kitambaa cha sufu kabla ya kuwa vazi. Tena shumizi, lenye asili ya Kifaransa, na kamisi, lililotujia kwa Kiarabu, yana shina moja, camisia ya Kilatini.

Tunapendekeza basi nguo za ndani za kike kwa mavazi, na stoo ya mashuka kwa chumba. Kuandika "lanjeri" hatuoni faida yake. Linge ni gumu zaidi, kwani nguo kwetu ni kitambaa na vazi pia. Kwa sasa afadhali vitajwe vitu vyenyewe.