Malaika na kisanduku cha mtunzi

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Embu na Meru nikisaka santuri za zamani, zile za muziki laini na jazi ya taratibu. Nyingi zimelala juu ya kabati za wazee, gramafoni ilishakufa kitambo.

Safari hii nimerudi na LP ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya mwaka 1965, iliyoshinda Grammy mwaka 1966. Si jazi, lakini ndani yake kuna "Malaika", wimbo wetu. Nikairekodi kwenye kompyuta kwa Audacity. Nilipofika kuweka maelezo ya wimbo, kisanduku kikauliza: mtunzi?

Hapo nikakwama. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi Nairobi na ndiye anayetajwa zaidi. Adam Salim wa Tanzania naye alidai ni wake. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Boney M. waliutoa mwaka 1981, na mirabaha humfuata aliyeandikwa, si lazima aliyetunga.

Sisi waandishi wa programu tunapenda kisanduku kimoja, jibu moja. Nimeibadilisha hifadhidata yangu: wimbo mmoja unaweza kuwa na majina kadhaa, kila jina na dai lake. Kazi imeongezeka, lakini sitaki kumfuta mtu kwa sababu ya uvivu wangu.